Magugu Yaliyowekewa Kufuli

Kila mji una mtu ambaye akikusalimia asubuhi, hadi jioni umeshamwazima koti. Katika mji huu mtu huyo aliitwa Sabuni, na jina hilo hakulipata kwa usafi. Alilipata kwa sababu hakuna mkono uliowahi kumshika ukadumu naye, uwe wa polisi, uwe wa mwenye duka, uwe wa wale wakwe watatu ambao kila mmoja alikwisha kumwita mwanangu. Alikuwa na miaka arobaini na ushei, shati jeupe daima, na sauti ya mtu anayekupa pole kabla hujapatwa na jambo. Tusimhukumu mapema. Wapo wanaoamka alfajiri kwenda kudanganya ofisini, na yeye alidanganya bila hata kiti cha kukalia.

Asubuhi tunayoanzia, Sabuni alikuwa anakimbia, ingawa mwenyewe angesema anatembea kwa haraka. Alikuwa amezikodishia familia mbili ukumbi mmoja wa harusi kwa Jumamosi moja, na familia hizo zilikuwa zimekutana mlangoni, kila moja na bibi harusi wake na keki yake. Akakata kona nyuma ya kiwanda cha ngozi cha zamani, mahali alipojua hapiti mtu.

Kiwanda kile kilikuwa kimefungwa miaka kumi iliyopita. Kwa miaka thelathini kabla ya hapo, ngozi zilikuwa zikitiwa chumvi zisioze, kisha zikilainishwa kwa kromu, madini yaleyale yanayong'arisha bampa za magari, na maji machafu ya kazi hiyo yote yakamwagwa uani. Uwanja ukaota ukoko mweupe wa chumvi, na chini ya ukoko ikakaa sumu. Mbwa wa mtaa wenyewe walikuwa wakipita pembeni.

Lakini asubuhi ile Sabuni aliona kijani. Mistari kwa mistari ya mimea mifupi, minene, yenye majani mithili ya vidole vya mtoto, ilikuwa imeota katikati ya chumvi. Katikati ya mistari alichutama mama mmoja wa umri wa kustaafu, amevaa koti jeupe la maabara lenye viraka viwikoni. Alikuwa anamimina maji ya kahawia kwenye kila shina kwa kikombe, na kila shina alikuwa analisemesha.

Sabuni alisimama. Mjanja wa kawaida akiona kitu hujiuliza kinauzwa wapi. Sabuni alijiuliza nani atakitamani.

Akaamkia shikamoo ya kukata na shoka. Mama akaitikia marahaba mwanangu, akamwomba asikanyage mche. Mtaani walimwita Bi Maabara, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitunza maabara ya kiwanda enzi za uhai wake, na kama watu wengi wanaojua jambo ambalo hakuna anayewauliza, alimweleza yote mgeni wa kwanza aliyeuliza. Kuna mimea, alisema, inayokunywa chumvi kama wewe unavyokunywa chai. Ikinywa chumvi, na kromu inapanda nayo kidogo kidogo hadi kwenye majani. Ila haifanyi kazi peke yake. Mizizini kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi ndani ya uchafu ule hadi vikauzoea. Vingine huilegeza kromu iliyong'ang'ania udongo, vingine huukinga mmea usife kazini. Yeye alivichota palepale uani, akavilea kwenye madumu kwa maji ya molasi, na sasa alikuwa anavirudisha kwenye mizizi. Majani yakijaa unayakata, yanachipua, unakata tena. Kila mkato, udongo unapungukiwa na mzigo.

"Kwa hiyo mama, majani haya yana madini ndani," alisema Sabuni.

"Yana kromu. Kidogo sana, lakini kwa udongo ni nafuu kubwa."

Sabuni hakulisikia neno kidogo. Masikio yake yalikuwa yamezoea kuchambua.

Akauliza kwa nini anajitesa. Hapo Bi Maabara aliweka kikombe chini. Kiwanda kilipofungwa, alisema, wafanyakazi arobaini na mmoja walipewa uwanja huu badala ya kiinua mgongo chao. Walipewa sumu yenye hati miliki. Baraza la mji likawaambia hawawezi kujenga kitu hadi udongo upimwe uonekane umeshuka chini ya kiwango cha hatari. Likawapa miaka minne, na mitatu ilikuwa imekwisha. Siku ya mwisho ikifika bado udongo ni mchafu, au likionekana jani moja lililokatwa limebaki uwanjani, baraza linauchukua uwanja na kuumwagia zege. Walikuwa wamebaki ishirini na tisa, yeye akiwemo. Mumewe, mkata ngozi hodari, alikuwa miongoni mwa waliokwisha kufariki, na hadi siku ya mwisho alikuwa akichora kwenye bahasha mahali zitakapokaa cherehani za karakana ya viatu watakayojenga. Kwa miaka mitatu Bi Maabara alikuwa amesafisha vipande vidogo kwa mikono yake. Kilibaki kipande kikubwa kuliko vyote, na magoti ya wenzake yalikuwa yamekwisha kugoma.

"Ninachokosa ni mikono tu," alisema. "Ujuzi ninao. Vijidudu ninavyo. Mikono ndiyo sina."

Sabuni alimwonea huruma ya kweli, tusimnyime haki yake. Huruma hiyo ilidumu hadi alipofika kona. Alipofika kona alikuwa na mpango mzima kichwani, na kesho yake alirudi na karatasi.

Karatasi ilisema kwamba Sabuni ataleta watu wa kupanda, kumwagilia, kukata, kukausha na kuhifadhi, bila Bi Maabara kutoa chochote. Kwa malipo yake Sabuni alitaka kitu kimoja tu, majani. Bi Maabara alisoma mara mbili, akamtazama juu ya miwani.

"Majani haya ni sumu, mwanangu. Hayaliwi, hayachomwi, hayatupwi. Una uhakika unayataka?"

"Kila jani, mama. Sumu niachie mimi."

Aliuliza mara ya pili, akajibiwa vilevile. Akatia sahihi kwa mkono uliozoea kuandika vipimo.

Sasa tuje kwa samaki wenyewe, kwa sababu ndoano bila samaki ni waya tu. Wa kwanza alikuwa Mwenye Nyumba, bwana wa vyumba vinane, aliyewatoza wapangaji kodi ya chumba na kodi nyingine ya kuanika nguo kwenye kamba yake. Wa pili alikuwa Muuza Nyama, ambaye kidole gumba chake kilikuwa kimepimwa mizanini mara nyingi hadi kingestahili bei yake. Muuza Nyama alimuoa dada wa Mwenye Nyumba, kwa hiyo walikuwa mashemeji, na tangu siku ya harusi hakuna aliyemgeuzia mwenzake mgongo, kila mmoja akiamini alipunjwa.

Sabuni aliwaita sebuleni kwa Mwenye Nyumba, akaweka mezani vitu vitatu: kipande cha bampa kinachong'aa, jani moja nono, na dumu la maji ya kahawia. Akawaacha watazame. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo, aliwaambia kwamba kilichomo kwenye bampa kimo kwenye jani, na kwamba dunia nzima inakitafuta hicho huku mama mmoja mzee anakikalia bila kujua. Sehemu ya kwanza, mnavyoona, ilikuwa ukweli mtupu. Sabuni alipenda kujengea uongo wake msingi wa mawe.

"Na dumu?" aliuliza Muuza Nyama.

"Humo mna wafanyakazi bilioni tano. Ndio wanaochimba."

Mwenye Nyumba alivuta kiti. "Wanalipwaje?"

"Molasi. Kikombe kimoja kwa wiki."

"Kila mmoja?"

"Wanagawana wote."

Mwenye Nyumba alifumba macho. Maisha yake yote alikuwa ameota wafanyakazi wa namna hiyo, na kumbe walikuwepo, na walikuwa wakiishi kwenye dumu. Muuza Nyama, ambaye vijana wa buchani walikuwa wamemgomea majuzi, aliuliza wakigoma je. Sabuni akamjibu kwamba hawana mikono ya kubebea mabango.

Kuanzia wiki ile mashemeji wawili walionekana uwanjani na majembe. Kuajiri vibarua haikuwezekana, Sabuni aliwaeleza, kwani kibarua ana mdomo na mji una masikio. Wakapanda wenyewe, wakamwagilia wenyewe, matumbo mbele na mifereji ya jasho mgongoni. Bi Maabara aliwafundisha kazi kwa upole na kwa ukali, maana alipenda udongo ule kuliko alivyopenda starehe yao. Aliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba majani yana sumu na hayana thamani ya sokoni. Wakakonyezana. Aliwalazimisha kuvaa glavu na buti na kunawa mikono hadi viwikoni kabla ya kuondoka, nao wakaelewa mara moja kwamba Sabuni amemtuma bibi azuie vumbi la madini lisitoroke chini ya kucha zao. Alipobandika kibao cha HATARI, SUMU, USIGUSE, Muuza Nyama alimpigia Sabuni simu kumsifu kwa ujanja wa kibao kile.

Ukiwaambia wenye tamaa ukweli, watakushukuru kwa kuficha. Sabuni mwenyewe hakuwahi kufundishwa hilo, na alikuwa akiliangalia likifanya kazi kwa heshima kubwa.

Mkato wa kwanza ulikaushwa kwenye turubai, ukapondwa pamoja na majani makavu aliyoyalimbikiza Bi Maabara miaka ya nyuma, ukashindiliwa kwenye mapipa ya plastiki yenye vifuniko vya kubana. Hapa ndipo ilipo shida ya kazi hii duniani kote. Majani yakishakunywa sumu, yanakuwa ndiyo sumu. Lazima yafungiwe mahali pakavu, yalindwe na mvua, mifugo, na wajinga wenye viberiti, na ulinzi huo ni mgumu kuupata kwa sababu nani alinde taka? Bi Maabara alikuwa halali akiliwaza jambo hilo. Alikosa usingizi usiku mmoja tu zaidi, kwani mashemeji walilitatua wenyewe. Waliyaweka mapipa kwenye chumba cha zamani cha kuhifadhia ngozi, wakaziba dirisha, wakapandisha sakafu kwa mbao, na kila shemeji akafunga kufuli lake kwenye mlango, ufunguo kwapani. Kisha wakawa wanalinda kwa zamu, kila mmoja akimlinda mwenzake kuliko alivyolinda majani. Siku mbuzi mmoja alipoingia uwanjani na kunyoosha shingo kwenye turubai, Muuza Nyama alimfukuza mitaa miwili. Huyo ni mbuzi wa kwanza kuokolewa maisha na mtu yule.

Baada ya mkato wa tatu Sabuni aliona nyavu zimejaa, akazivuta. Aliwaambia washirika wake kwamba hazina haibebwi kichwani, inahitaji pikapu. Wakakubali. Ugomvi ukaja kwenye jina la kuandika kwenye kadi ya gari. Mwenye Nyumba alisema haiwezekani gari liwe la shemeji, na Muuza Nyama alisema heri liwe la mbuzi yule kuliko liwe la shemeji. Walibishana siku tatu. Siku ya nne, wakiwa wamechoka na wakiwa na hasira, walifikia uamuzi kwamba gari liandikwe jina la mtu asiye na upande, ambaye ni Sabuni. Sabuni alikataa mara mbili kwa adabu, ya tatu akakubali.

Pikapu lilikuwa jeupe, zima, na tairi mpya. Sabuni angewasha gari siku ile akaondoka, leo hii angekuwa kwenye mji mwingine anaitwa jina lingine, na mimi ningekuwa sina cha kusimulia. Hakuondoka. Kilichomzuia kilikuwa machozi.

Ilikuwa hivi. Mkato wa tatu ulipokwisha, Bi Maabara alikuwa amepeleka udongo na majani kupimwa kwenye maabara ya baraza. Jibu lilitoka asubuhi ileile pikapu lilipofika, Sabuni akiwa uwanjani anakagua mali yake. Alimwona mama akifungua bahasha, akisoma, akiketi chini kwenye udongo na koti lake jeupe. Kisha akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Alisema imepanda tena, kromu ya kwenye majani imepanda, udongo umeshuka chini ya kiwango, umeshuka, mwanangu. Akamkumbatia Sabuni hadi miwani ikapinda.

Furaha ya uongo Sabuni aliijua, ilikuwa bidhaa yake. Aliwahi kulia kwenye misiba ya watu wasiomhusu akapewa chakula cha kufungiwa. Kwa hiyo alijua kwamba kilio kile ni cha kweli. Mtu mzima mwenye elimu, aliwaza, halii hivi kwa ajili ya magugu. Akakumbuka makufuli mawili. Akakumbuka kwamba Muuza Nyama alikuwa amemnong'oneza akitaka kununua sehemu ya shemeji yake, na shemeji naye alikuwa amemnong'oneza vivyo hivyo. Watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga kwa wakati mmoja, aliwaza, akisahau kwamba ndiye aliyewafanya wajinga. Basi palepale, saa tatu asubuhi, juani kabisa, Sabuni aliuziwa uongo wake mwenyewe, na akaununua bila hata kuomba apunguziwe.

"Mama," alisema kwa sauti ya kawaida, "majani kama haya watu huyapeleka wapi?"

Bi Maabara alifuta miwani. Nchi nzima, alisema, ni mahali pamoja tu panaporuhusiwa kuyapokea, nyuma ya kiwanda cha saruji, mwendo wa saa mbili kwa barabara. Wanapima hadi gramu. Bei yao kwa kilo akimtajia ataruka.

"Nitajie."

Akamtajia. Sabuni karibu aruke.

"Siku ya ukaguzi ni keshokutwa," aliendelea mama, na furaha ikamtoka usoni. "Udongo umepita, lakini likibaki jani humu ndani, wazee wangu wameula wa chuya. Mkataba unasema majani ni yako. Ningekuwa na uwezo, ningeyapeleka mwenyewe jana. Wewe una mpango gani nayo?"

Sabuni alisema mpango wake ni mzuri. Swali moja dogo lilikuwa limebaki, swali ambalo mtoto wa darasa la pili angeliuliza, na Sabuni hakuliuliza kwa sababu aliogopa kumwamsha mama aliyelala. Bi Maabara naye alimsubiri kitambo, akiona haulizwi akachukua kikombe akarudi kwenye mimea yake.

Kesho yake saa nne asubuhi mashemeji walikuwa wameketi kwenye ukumbi wa hoteli kubwa kuliko zote mjini, wamevaa suti, kila mmoja ameagiza juisi moja ya kukalia. Sabuni alikuwa amewaambia mnunuzi anakuja pale, mtu mzito, asiyependa kusubiriwa na watu waliovaa ovyo. Saa nne hiyohiyo Sabuni alirudisha pikapu nyuma hadi mlango wa chumba cha mapipa. Makufuli mawili yalikuwa makubwa na ya gharama, na hakuyagusa. Mashemeji, kila mmoja akiwaza ufunguo wa mwenzake, hawakuwa wameangalia upande wa pili wa mlango, ambako bawaba tatu zilikuwa zimekazwa kwa skrubu nje. Alizifungua kwa bisibisi ndani ya robo saa, akaulaza mlango chini pamoja na makufuli yake.

Mapipa yalikuwa tisa, na mazito. Alikuwa anahangaika na la pili aliposikia hatua. Walikuwa Bi Maabara na wazee watano wa kiwanda, wote wamevaa glavu. Sabuni alianza kuandaa uongo. Hakuuhitaji. Wazee walimsalimia, wakashika mapipa, wawili wawili, magoti yakilia, wakayapandisha kwa utaratibu wa watu waliobeba ngozi miaka thelathini. Walikagua vifuniko kimoja kimoja, wakafunga kamba, wakatandika turubai juu. Bi Maabara alifagia chumba hadi vumbi la mwisho, akalitia kwenye mfuko, akauweka mfuko ndani ya pipa la tisa.

"Una uhakika, mwanangu?" aliuliza mara ya tatu, akimpa anwani na karatasi ya vipimo. "Ukifika kule, mzigo ni wako peke yako."

"Ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo, mama."

Njiani Sabuni aliimba. Aliwaonea huruma wazee wale, waliombebea utajiri hadi garini na kumpungia mkono, na akajiahidi kwamba siku moja, akiwa na nafasi, atawatumia kitu. Watu wema, alisema moyoni, ndio wanaoufanya mji ukalike.

Nyuma ya kiwanda cha saruji kulikuwa na uzio mrefu, geti, mizani ya magari, na ofisi ndogo safi. Karani, mwanamke mwenye miwani na subira, alisoma vipimo, akapima mzigo, akachukua fomu tatu.

"Mzigo ni wa nani?"

"Wangu."

"Wote?"

"Kila jani. Hakuna mwenye hisa humo."

"Afadhali," alisema karani. "Wengi wakifika hapa huanza kusema mzigo ni wa shemeji."

Sabuni alitia sahihi mara tatu, kwa mwandiko wa mapambo. Karani akapiga hesabu, akaigeuza karatasi upande wake. Ilikuwa hesabu nzito, nzito kuliko pikapu lenyewe. Sabuni aliitazama, macho yakamlowa, akauliza hela zake anazipokea dirisha gani.

Karani alivua miwani. Alieleza polepole, kama mtu aliyewahi kueleza hivyo kwa wengine. Hapa ni mahali pa kuzika sumu. Mashimo yanatandikwa plastiki nene, yanajazwa, yanafunikwa, yanalindwa miaka na miaka ili kitu kisirudi kwenye maji ya watu. Kazi hiyo ina gharama, na gharama ni ya mwenye mzigo.

"Lakini mna kromu humo," alisema Sabuni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikosa mafuta.

"Imo," alikubali karani, akiangalia vipimo. "Mapipa yote tisa, ukiitoa yote, labda utang'arisha kijiko. Kile cha chai."

Sabuni aliomba arudishiwe mzigo wake. Mzigo uliokwisha kupimwa haurudi barabarani, ndiyo sheria. Aliomba basi aondoke, atarudi na malipo. Yeye aweza kwenda, gari libaki. Alijaribu ugonjwa wa mama yake, alijaribu undugu na waziri, alijaribu hata kulia. Karani alimpa kikaratasi cha kupangusia. Mtu ambaye hakuna mkono uliowahi kumshika alikuwa ameshikwa na sahihi zake tatu, na hadi saa nane mchana kadi ya pikapu ilikuwa imebadilishwa jina kulipia deni. Alipewa stakabadhi, na cheti chenye mhuri kinachomshukuru kwa kuhifadhi mazingira.

Alikuwa anatembea kuelekea kituo cha basi, vumbi la saruji kwenye viatu, simu ikalia. Bi Maabara alikuwa anapiga kumwambia kwamba mkaguzi ameamua kuja leo badala ya kesho. Amezunguka kila pembe, amepima, amepiga magoti kutafuta jani akakosa. Udongo ule si wa kupandia mchicha, amesema, lakini karakana inajengeka. Ametia mhuri. Nyuma ya sauti ya mama Sabuni alisikia wazee ishirini na nane wakiimba, kila mmoja kwa mwendo wake. Mashemeji nao walikuwa wamefika, wamekuta mlango umelala na makufuli yamefungwa vizuri. Bi Maabara aliwaeleza ukweli mara ya mwisho, nao wakakataa kuusikia, kwani heri mtu aitwe aliyeibiwa hazina kuliko aliyelinda takataka mwaka mzima. Walikuwa wanamtafuta Sabuni mji mzima, tena kwa mara ya kwanza wakiwa upande mmoja.

"Usirudi huku kwa sasa," alisema mama. Kisha akaongeza, "Nilikuonya mara tatu, mwanangu, na kila ulipokataa nilishukuru. Nisamehe hilo. Mume wangu angekuwepo, angekushonea viatu."

Simu ikakatika. Kitu kilikuwa kimempanda Sabuni kifuani ambacho hakukijua jina, na kilikuwa kinadai kutoka. Kituoni aliketi karibu na mwanamume mmoja mwenye mkoba magotini, mtu wa heshima, anayesubiri basi. Katika maisha yake Sabuni alikuwa amewaambia watu wa namna hiyo kwamba yeye ni daktari, mrithi, mjane. Safari hii alifungua mdomo na ukweli ukatoka, wa kwanza kwa miaka mingi.

"Ndugu yangu," alisema, "leo nimewasaidia wazee ishirini na tisa kupata uwanja wao. Nimewaondolea sumu yote, kwa gari langu mwenyewe, na sijachukua hata senti."

Akatoa cheti chenye mhuri amwonyeshe.

Yule bwana alikitazama cheti, akamtazama shati jeupe, akaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, akahamia benchi la mbali.